Anza na Kazi, Malizia na Mashine: Ushauri kwa Anayenunua Kerezo la Kwanza

Yafuatayo ni mazungumzo ya mkufunzi wa useremala aliyealikwa kuzungumza na mafundi, vijana wanaosomea ufundi na vikundi vya akina mama mjini Malindi. Tunayachapisha kwa ajili ya wakazi wa kaunti ambao hawakuweza kufika.

 

Nimeombwa nizungumze kuhusu mashine ya kukereza. Vijana wanaiita lethi. Wazee wetu wa Pwani walikuwa na jina lake kabla ya stima kufika: kerezo, na wengine husema keezo. Kerezo la zamani lilizungushwa kwa upinde na kamba. Ukikiona kitanda cha kale cha Lamu, chenye miguu ya mviringo iliyopangwa vifundo vifundo, umeiona kazi ya kerezo. Kwa hivyo kitu hiki si kigeni kwetu. Kilicho kigeni ni bei yake.

Kila muhula hunijia kijana mmoja au wawili, wananiuliza: "Mwalimu, nimepata pesa kidogo, ninunue lethi gani?" Mimi huwajibu kwa swali: "Utakereza nini, na ni nani atakayenunua?" Wengi hunyamaza. Wamefikiria mashine kwa miezi mingi, lakini kazi yenyewe hawajaifikiria hata siku moja. Leo nataka tuligeuze jambo hili. Tuanze na kazi, mashine ije mwisho.

Niliyojifunza kwa kovu

Mimi mwenyewe nilianza na mashine. Mwaka wa 2011 nilikuwa na karakana nyuma ya nyumba, mabati machache juu ya nguzo za mikoko. Nilikuwa nimeona kerezo dogo la mezani likikereza bakuli dukani, na roho ikaganda hapo. Mama watoto alikuwa katika chama, na zamu yake ya kupokea ilikuwa imefika. Alinipa pesa zote. Sikupima chochote, sikuuliza chochote. Nilimlipa mwenye duka, nikalipakia kerezo kwenye tuktuk, nikarudi nyumbani kama mtu anayeleta bibi harusi.

Juma la pili akaja mteja mwenye mkahawa. Alitaka miguu 24 ya meza, ya kukerezwa, kila mmoja inchi 28. Nikaenda kwenye kerezo langu na tepu ya kupimia, kwa mara ya kwanza. Kati ya ncha ya kichwa na ncha ya mkia lilichukua mti wa inchi 16 tu. Nilipima mara mbili, kana kwamba tepu ingenihurumia. Mteja alikwenda kwa fundi mwingine.

Hayo hayakuisha hapo. Pesa zote zilikuwa zimekwenda kwenye mashine, za patasi hazikubaki. Nikachukua tupa kuukuu, nikainoa iwe patasi. Tupa ni chuma kigumu sana, lakini hukatika ghafla kama kioo. Ilinasa kwenye mti unaozunguka, ikavunjika, na kipande kikanipata hapa, chini ya jicho. Kovu mnaliona. Kingepanda nusu inchi, leo ningezungumza nanyi kwa jicho moja.

Tuliendelea kuchanga pesa za chama miezi 11, kwa mashine iliyofunikwa gunia. Mama watoto hakunisema hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia. Lakini si lazima kila mmoja wenu apotee kwenye njia ile ile niliyopotea mimi.

Kwanza daftari

Kabla ya kwenda dukani, nunua daftari. Kwa miezi mitatu andika kila kitu cha mviringo ambacho mteja anakuulizia: miguu ya meza na ya vitanda, nguzo za ngazi, michi, miti ya kusukumia chapati, bakuli, vinara vya taa, mipini ya zana. Andika urefu wake, unene wake, idadi, na bei ambayo mteja yuko tayari kulipa.

Katika miezi hiyo usiikatae kazi. Ukipata oda, ipeleke kwa fundi aliye na kerezo, umlipe, nawe ubaki na faida yako ndogo. Simama hapo uangalie anavyofanya. Kwa njia hii unajifunza, wateja wanakuzoea, na hujatumia shilingi ya mkopo.

Miezi mitatu ikiisha, daftari litakwambia mambo matatu. Litakwambia kama kazi ipo. Litakwambia ni kazi ya miti mirefu au ya bakuli. Na litakwambia kazi ndefu kuliko zote ina inchi ngapi. Ikiwa umeandika oda nne kwa miezi mitatu, huhitaji kununua kerezo bado. Endelea kukerezewa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hata mashine ni mali.

Vipimo vya kuulizia

Kerezo lina sehemu nne ambazo ni lazima uzijue. Kichwa ndicho kinachozungusha mti. Mkia ndio unaoushika mti upande wa pili. Kitanda ni chuma kirefu kinachobeba vyote. Egemeo ni mahali unapolaza patasi unapokata.

Kipimo cha kwanza ni urefu kati ya ncha ya kichwa na ncha ya mkia. Mguu wa meza ya chakula huwa inchi 28 au 29. Nguzo za ngazi mara nyingi huvuka inchi 30. Makerezo mengi madogo ya mezani huchukua kati ya inchi 14 na 20. Ikiwa daftari lako limejaa miguu ya meza, tafuta kerezo la inchi 36 au zaidi, au dogo ambalo kitanda chake kinaweza kuongezewa kipande. Ikiwa limejaa bakuli na vinara, dogo linakutosha na litakuachia nafasi katika karakana.

Kipimo cha pili ni unene. Pima kutoka ncha ya kichwa hadi juu ya kitanda, kisha zidisha mara mbili. Ukipata inchi 6, basi bakuli kubwa kabisa litakuwa chini kidogo ya inchi 12. Kumbuka kwamba kitako cha egemeo hukaa juu ya kitanda, kwa hivyo mti mrefu unaopita juu yake ni lazima uwe mwembamba kuliko hapo.

Kipimo cha tatu ni mwendo. Kuna hesabu moja rahisi ambayo wakereza wengi huitumia. Chukua upana wa mti kwa inchi, zidisha kwa mizunguko ya mashine kwa dakika. Jibu liwe kati ya 6,000 na 9,000. Mguu wa meza wenye unene wa inchi 3 utazunguka mara 2,000 hadi 3,000 kwa dakika. Bakuli la inchi 10 litazunguka mara 600 hadi 900 tu. Na mti ambao bado una pembe, au umeelemea upande mmoja, uanze polepole zaidi hadi uwe mviringo. Kwa hivyo mashine ambayo mwendo wake wa chini kabisa ni 1,000 haifai bakuli la inchi 10, hata muuzaji aisifu vipi.

Kipimo cha nne ni uzito. Mti unaozunguka hutikisa mashine, na mashine nyepesi hutikisika pamoja nao. Kitanda cha chuma kizito kilichomiminwa kwenye kalibu hutulia kuliko cha mabomba au cha bati lililokunjwa. Ukiwa na mashine nyepesi, ifunge kwa bolti kwenye meza nzito na upange magunia ya mchanga chini yake.

Jambo la mwisho hapa ni uzi wa skrubu ulio kwenye kichwa, pale panapofungwa sahani au kishikio cha taya nne. Chagua ule unaopatikana kwa urahisi, kwa mfano wa inchi 1 wenye nyuzi 8 kwa kila inchi, au ule unaoandikwa M33. Tundu la mkia likiwa la Morse namba 2, utapata vifaa kwa urahisi. Mashine yenye uzi usiojulikana ni rahisi kununua, lakini kila kifaa chake kitachongeshwa kwa fundi wa chuma.

Gawanya pesa kabla ya kuzitumia

Sitawaambia bei, kwa sababu bei hubadilika na kila mji una yake. Nitawaambia namna ya kugawanya. Kwa kila shilingi 100 ulizo nazo, mashine isichukue zaidi ya 50. Shilingi 20 ni za patasi. Shilingi 10 ni za grainda ya benchi, kwa kunolea. Shilingi 10 ni za stima: waya, soketi, swichi na fundi wa umeme. Shilingi 10 zilizobaki ni za ngao ya uso, barakoa na meza imara.

Najua mtu atasema, "Mwalimu, nikitenga nusu, nitapata mashine ndogo au kuukuu." Ndiyo. Ni heri kerezo kuukuu lenye patasi kali kuliko jipya linalong'aa ambalo huwezi kulitumia. Mimi nilikuwa na jipya linalong'aa.

Patasi za kuanzia ni tano. Ya kwanza ni bobari pana, yaani patasi yenye mfereji, ya kuondoa pembe za mti wa mraba. Ya pili ni bobari nyembamba ya kuchimba mabonde na kupamba. Ya tatu ni patasi ya mshazari ya kulainisha. Ya nne ni ya kukatia. Ya tano ni ya kukwarua. Anayetaka bakuli aongeze bobari ya bakuli, ambayo shina lake ni nene.

Nisikilizeni vizuri hapa. Ile bobari pana ya kuondolea pembe haitumiki kwenye bakuli kamwe. Sehemu yake inayoingia kwenye mpini ni nyembamba, na ikinaswa na bakuli hukatika. Na msitengeneze patasi kwa tupa. Tafuteni patasi zilizoandikwa HSS kwenye chuma. Hazipotezi ugumu wake zikipata moto kwenye grainda, na hukaa na makali muda mrefu.

Kunoa ni nusu ya kazi hii. Mti mgumu kama mvinje utakufanya urudi kwenye grainda mara nyingi kwa siku moja. Patasi butu haikati, inasukuma tu. Fundi naye huongeza nguvu, na ajali nyingi huanzia hapo. Kwa hivyo asiyekuwa na pesa za grainda bado hana pesa za kerezo.

Stima

Nyumba zetu nyingi zimeunganishwa stima ya fezi moja, volti 240. Kwa karakana ya nyumbani, mota ya nusu nguvu ya farasi hadi nguvu moja ya farasi inatosha, na inakubali fezi moja. Mashine nyingi kubwa zilizotoka viwandani ni za fezi tatu. Ukiona kubwa inauzwa kwa bei ya kushangaza, uliza hilo kwanza, kwa sababu kuunganishiwa fezi tatu au kubadilisha mota ni gharama nyingine kamili.

Mashine ya mtumba ikitoka Marekani, huenda ni ya volti 110 hadi 120. Ukiichomeka moja kwa moja, utaiunguza. Itahitaji transfoma, na kwa kuwa stima ya kwao ni ya mizunguko 60 kwa sekunde na yetu ni ya 50, mota ya kawaida ya kwao huzunguka polepole hapa. Kila mota ina kibati kilichoandikwa mambo haya. Mashine isiyo na kibati, muuzaji aiwashe mbele yako.

Gharama ya stima yenyewe si ya kutisha. Mota ya wati 750 ikifanya kazi kwa nguvu zake zote kwa saa 4 hula yuniti 3. Tazama risiti ya tokeni zako uone yuniti moja imekugharimu pesa ngapi, zidisha kwa 3, uingize hiyo kwenye bei ya kazi.

Kuna jambo ambalo watu wa kwetu lazima wasikie. Stima inapotea na kurudi. Umeinama kwenye mashine, stima imekatika, unafungua kishikio, na mara inarudi na mashine inaanza kuzunguka mkono wako ukiwa humo. Kuna swichi ya sumaku inayojizima yenyewe stima ikikatika, na haiwaki tena hadi uibonyeze. Ikiwa kerezo halina, fundi wa umeme ataiweka. Kabla ya kuipata, jifunze tabia moja: stima ikikatika tu, chomoa plagi kabla ya kufanya jambo lolote lingine. Na msitumie waya mwembamba wa ekstensheni uliofungwa mviringo. Hupata moto, na karakana zetu zimejaa vumbi la mbao na maranda.

Jipya, mtumba au la jua kali

Yote matatu yanafaa, mradi uyapime. Mafundi wetu wa jua kali huunganisha makerezo kwa vyuma vya kuchomelea na mota zilizotolewa kwenye mashine nyingine. Nimeona mazuri sana, na nimeona mengine ambayo nisingesimama karibu nayo. Ukienda kuangalia, fanya hivi.

Sogeza mkia hadi ncha yake ikutane na ncha ya kichwa. Zikutane nukta kwa nukta. Zikipishana, kila utakachokereza kitakusumbua.

Zungusha kichwa kwa mkono, mashine ikiwa imezimwa. Kizunguke kwa ulaini. Ukisikia kukwaruza kama mchanga, beringi zimekwisha. Kisha shika spindo uitikise juu na chini. Isicheze hata kidogo.

Funga mkia na egemeo, kisha yasukume kwa nguvu. Yasiteleze.

Angalia mkanda na puli. Ziwe na kifuniko. Mkanda ulio wazi hula vidole na nguo.

Iwashe bila mti, kwa mwendo wa chini, kisha wa juu. Weka glasi ya maji juu ya kitanda. Maji yakitetemeka kidogo si neno, yakimwagika ondoka.

Mwisho, uliza vipuri. Mkanda ukikatika nitaupata wapi? Muuzaji asipoweza kujibu, jibu umeshalipata.

Na wewe mnunuzi, beba mti wako mwenyewe, wenye urefu wa kazi iliyo ndefu kuliko zote kwenye daftari lako. Uweke kwenye mashine kabla ya kutoa pesa. Kama ningebeba mti wa inchi 28 mwaka ule, ningeokoa miezi 11.

Karakana iko nyumbani, na watoto wako nyumbani

Huwa tunasema ajali haina kinga. Ajali ya kerezo ina kinga, na nyingi hazina gharama yoyote.

Vaa ngao inayofunika uso mzima, si miwani peke yake. Mti unaopasuka hauchagui jicho. Usivae glavu mashine ikizunguka, kwa sababu ikinaswa huvuta mkono mzima. Mikono mirefu ya shati ikunjwe au ifungwe. Shanga, mkufu, pete na saa viwekwe kando. Akina mama na mabinti, mtandio ufungwe nyuma na kuchomekwa ndani ya nguo, na leso isining'inie kiunoni. Nywele ndefu zifungwe.

Kabla ya kuwasha, zungusha mti kwa mkono mzunguko mmoja uone haugusi egemeo. Hakikisha ufunguo wa kishikio umeondolewa. Simama kando, si mbele ya mti, unapobonyeza swichi. Unapopiga msasa, ondoa egemeo kabisa.

Vumbi pia ni adui, ila halina haraka. Vumbi la mvule, kwa mfano, huwasha ngozi na kuwakera wenye pumu. Vaa barakoa, fungua madirisha, na ufagie kila jioni. Nyumba ikiwa na watoto, karakana iwe na mlango na kufuli, na ukitoka uchomoe plagi. Mtoto akiona kitu kinazunguka atataka kukigusa, na kosa halitakuwa lake.

Mti wa kukereza

Mkiwa na kerezo hamtahitaji mbao za bei ghali. Wachongaji wa vinyago hapa Kenya walianza zamani kugeukia mwarobaini na mwembe, baada ya mpingo na muhugu kuwa adimu. Miti hiyo imejaa kwenye mashamba yetu. Mwembe mzee usiozaa tena, ukikatwa, hutoa bakuli nyingi nzuri.

Kipande kibichi kikikaushwa haraka hupasuka. Ukishakata gogo, paka rangi kuukuu au nta kwenye ncha zake mbili, uliweke kivulini mahali penye upepo. Kwa bakuli, kereza kwanza ukiacha ukingo mnene, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya upana: bakuli la inchi 10 liachwe na unene wa inchi 1. Liache likauke kwa miezi kadhaa, kisha ulimalize.

Na tuheshimu sheria. Kabla ya kukata na kusafirisha mbao, uliza ofisi ya Shirika la Huduma za Misitu kuhusu kibali. Misitu ya Kaya haiguswi. Ni urithi wa Wamijikenda, na tangu mwaka wa 2008 iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Hakuna mguu wa meza wenye thamani ya kutosha kukatiwa mti wa Kaya.

Hesabu ya mkopo

Wengi wenu mtanunua kwa mkopo au pesa za kikundi. Sikatazi. Lakini fanyeni hesabu hii kwanza. Tuseme umekopa shilingi 60,000, za kulipa kwa miezi 12. Hiyo ni 5,000 kila mwezi, kabla ya riba. Tuseme pia kwamba mguu mmoja wa meza, ukitoa mti, stima, msasa na vanishi, unakuachia shilingi 100. Utakereza miguu 50 kila mwezi ili ulipe deni peke yake. Sasa fungua daftari. Je, miezi mitatu iliyopita uliulizwa miguu 50 kila mwezi? Kama jibu ni hapana, kopa kidogo, au subiri, au ungana na wenzako.

Kuungana si aibu. Mafundi watatu wanaweza kununua kerezo moja zuri na kugawana siku. Andikeni tu makubaliano mapema: nani analinoa, nani analipa likiharibika, na mmoja akiondoka analipwa nini. Urafiki mwingi wa karakana umevunjika kwa sababu ya mkanda wa mashine.

Tena msinunue kabla ya kujifunza. Chini ya Katiba ya mwaka wa 2010, vyuo vya ufundi vya vijijini viko mikononi mwa serikali za kaunti. Ni vyenu. Nendeni mkaulize ni kipi kinafundisha useremala na kina kerezo. Ukikereza vipande 20 chini ya jicho la mwalimu, utajua kama kazi hii inakupenda.

Namalizia. Lile kerezo dogo nililiuza mwishowe kwa mtu anayetengeneza vinara na mipini. Anafurahi nalo, kwa sababu kazi yake ni ya inchi 12. Mashine haikuwa mbaya, ilikuwa imefika kwa mtu asiye wake. Miaka minne baadaye nilipata kuukuu, zito, lenye rangi iliyobambuka. Nililipima, nikaenda nyumbani, nikarudi na mti wangu, nikalipima tena, ndipo nikalipa. Siku nilipolileta, mama watoto alitoka jikoni akiwa ameshika tepu yangu ya kupimia. Hakusema neno. Aliipitisha kutoka kichwa hadi mkia, akasoma: inchi 40. Akanirudishia tepu, akasema, "Haya, lifunge. Mteja wa meza alipita asubuhi."

Sasa niulizeni maswali, na mwenye daftari aanze.